Ubao Wako Bado Uko Nyakato

Nyakato, Mwanza
Ijumaa, saa tisa mchana

Maduhu,

Shikamoo sikupi. Tulikuwa rika, na mtu aliyeniita "Mhaya wa kete moja" mbele ya mama ntilie na wateja wake wote hastahili.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili iliyopita nilifanya jambo ambalo ungekuwa hai ungelisema mpaka mwezi uishe. Nilicheza drafti juu ya ubao wako kwa ule mtindo uliokuwa ukiuita ugonjwa. Nikashinda. Na sasa watu wa benchi letu wanasema aliyeshinda ni wewe.

Nianze na habari za huku. Miezi minne baada ya kukuzika, kiwanda chetu cha nguo kilifungwa. Walituita uwanjani kwa mafungu, wakatusomea barua, ikawa basi. Mjini sasa watu wanavaa mitumba na vitenge vya nje, na sisi tuliofuma vya kwetu tunauza nyanya. Stoo yangu waliifunga kwa kufuli ambalo mimi mwenyewe nililipokea na kulitilia sahihi. Shemeji hajambo. Anauza dagaa njia ya kwenda Buzuruga, na ananisalimia vizuri kuliko ulivyowahi kunisalimia wewe.

Benchi letu nje ya geti bado lipo. Hilo hawakuliandikia barua. Tunakaa palepale, tunacheza kwa visoda vilevile, juu ya ubao uleule uliouchonga kwa mbao za kreti na kuuchoma miraba kwa chuma cha moto. Kilichokosekana ni king'ora.

Sikujua kama king'ora kilikuwa kitu kikubwa hivyo. Tulikuwa na nusu saa ya chakula. Kikilia, mchezo umekwisha hapohapo, na mwenye kete nyingi ndiye mshindi. Drafti tuliijua hivyo. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni sheria yetu peke yetu, sheria ya watu wanaosubiriwa na msimamizi mlangoni. Na wewe ulikuwa mfalme wake. Unakula kete moja mapema, unajifungia kule nyuma kwenye zizi la kete, kisha unaanza kuongea. "Mhaya, weka Kiingereza pembeni, sogeza kisoda." "Ng'wanawane, mwanangu, usiharakishe, kufungwa hakuna foleni." Unainua kisoda, unakipuliza, unakizungusha kwenye vidole vyenye grisi, unakirudisha palepale kilipokuwa. King'ora kinalia. Umenifunga. Halafu unanipa nusu ya kiazi chako kitamu, kana kwamba hukunifanyia lolote.

Miaka kumi na moja, Maduhu. Kwa kete moja moja.

Na mtu akigawa kete ili apate njia, ulikuwa unatema mate pembeni. "Anayegawa kete amechoka kuishi." Sote tulicheka. Tulikuwa wajinga, lakini tulikuwa wajinga wenye furaha.

Sasa msikie huyu Sospeta, yule karani wa mishahara aliyekuwa anatupigia kelele tupange mstari. Siku hizi ana duka la jumla la soda, na ana suti. Anaivaa hata saa saba mchana jua likiwaka, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Alikuja benchini akatutangazia mashindano, Nyakato na Buzuruga, kwa mtindo wa kisasa. Kila hatua dakika moja, yeye akihesabu kwa saa yake ya mkononi. Wachezaji kimya. Michezo mitatu, atakayeshinda miwili ndiye mshindi. Na kila mchezo mpaka mmoja aishiwe kabisa. Alisema "kisasa" mara nyingi hadi nikadhani ni jina la soda mpya.

Ningemwacha ajitangaze na suti yake. Lakini Chagulani alikuwepo, na Chagulani unamjua. Hajawahi kumfunga mtu asiyekuwa na homa. Akasimama mbele ya wapiga debe wa Buzuruga akasema, "Mkitufunga, chukueni ubao wa Maduhu!" Wakashangilia, wakamshika mkono, ikawa imepita. Ubao si wake. Hajawahi hata kuufuta vumbi. Nilimwuliza, "Chagulani, umemwuliza nani?" Akanijibu, "Tulia, Deo. Nani wa kutufunga sisi?"

Ndipo nikafanya la siri. Asubuhi nikawa nakwenda stendi ya Buzuruga, nawaambia nyumbani nimefuata nyanya. Nakaa na wapiga debe, nacheza nao. Wanacheza kwa fujo. Nilidharau mpaka nilipokaa mbele ya kijana mmoja anaitwa Yona, mwenye sauti ya kuamsha wafu. "Shikamoo mzee, karibu uumie." Akanipa kete. Nikala, maana kula ni lazima. Akanipa nyingine. Nikala. Ya tatu nikala nikicheka, na nilipoinua macho alikuwa ameshafika mwisho wa ubao, ana kingi, na mimi nina kinywa kimejaa. "Umeshiba, mzee?" akaniuliza.

Nilirudi nyumbani bila nyanya. Njiani nilijidharau kuliko nilivyomdharau Sospeta. Kumbe mara nyingi uliniachia njia wazi, Maduhu, na sikuiona, kwa sababu na mimi nilikuwa nasikilizia king'ora. Sisi wote pale benchini hatukuwa tunajua drafti. Tulijua nusu saa ya drafti.

Siku ya mashindano iliniumiza macho. Watu wetu wanne walikaa kabla yangu, wanne wakafanya kosa lilelile. Chagulani, mtu mwenye wajukuu, alikula kete moja, akajifungia kama wewe, akakunja mikono, akaangalia juu upande wa kiwanda. Anangoja. Watu wa Buzuruga wakaanza kucheka.

"Baba, unangoja nini? Ugali?"

"Mwacheni! Anasubiri zamu iishe!"

"Wazee wa king'ora hao!"

Sospeta akagonga chupa kwa kijiko, "Kimya! Kimya! Haya ni mashindano ya kisasa!" Chagulani akasogeza kete kwa sababu dakika ilikuwa inaisha, na hapo zizi lote likabomoka. Alipoinuka alidai kijiko kilimchanganya. Hawa ndio warithi wako.

Nikabaki mimi. Walikubaliana kwamba meza ya mwisho ndiyo ya ubao, maana vinginevyo mambo yangekuwa yamekwisha zamani, na wapiga debe walitaka kuendelea kucheka. Mbele yangu Yona. Ubao wako katikati.

Mchezo wa kwanza nilicheza kama wewe. Nataka ujue hilo. Sikucheza hivyo kwa ujinga, nilijua nitafungwa. Nilifanya kwa heshima, nikafungwa kwa heshima, na watu wetu wakanizomea bila heshima yoyote.

Wa pili niligawa. Kete mbili, mfululizo. Nilisikia Chagulani nyuma yangu anasema kwa sauti, "Mhaya amechanganyikiwa." Nikapata kingi, nikamaliza. Alidhani nimebahatisha.

Wa tatu ndio ninaotaka kukueleza.

Yona alinitangulia kwa kete moja. Halafu akaogopa. Labda kwa sababu ya watu, labda kwa sababu ya ule wa pili. Akaacha fujo zake, akajifungia kule nyuma, kona ya kushoto, kete zimeshikana, mlango mmoja tu. Nikatazama. Ilikuwa wewe, Maduhu. Kete kwa kete, ilikuwa lile zizi lako nililolitazama miaka kumi na moja huku nikila kiazi chako. Kwa muda nilisahau kwamba mbele yangu kuna kijana wa stendi. Nilisubiri unipulizie kisoda usoni.

Hakuna aliyepuliza. Hakuna kilicholia. Nilikuwa na dakika nzima, peke yangu na ukuta wako.

Nikagawa kete. Akala, mlango ukasogea. Nikagawa nyingine. Nikagawa ya tatu, na watu wetu wakaanza kuondoka, nikaona miguu yao inapita pembeni. Kisha nikala nne kwa mruko mmoja. Zizi likabaki tupu.

Ulikuwa unafungika, rafiki yangu. Muda wote ule.

Yona aliinuka akanipa mkono. "Mzee, umejifunzia kwetu," akaninong'oneza, akacheka, na hakumwambia mtu. Huyo ana adabu kuliko benchi letu zima. Maana wetu walirudi mbio, wakaubeba ubao juu kama sanamu ya mtakatifu, wakaimba jina lako mpaka getini. "Mtindo wa Nyakato! Mtindo wa Maduhu!" Walikuwa wamesimama palepale, macho wazi, na hawakuona kitu. Chagulani alinikumbatia akisema alijua tangu mwanzo. Sospeta akatoa hotuba, akasema ushindi huu ni wa kisasa. Nilikuwa na furaha ya ubao, na nilikuwa na aibu, na ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu ya kukukuta geti lilelile unatoka na mikono yako michafu, nikwambie mara moja tu, kaa chini tucheze mpaka mwisho. Hatukuwahi. Hata siku moja hatukuwahi kucheza mpaka mwisho.

Tangu Jumapili wanacheza kwa kujifungia zaidi kuliko zamani. Wamemweka mtu apige kipande cha reli kila baada ya nusu saa ili wajue nani ameshinda. Nimewatazama siku tano. Wakikutana na Buzuruga tena wataupoteza ubao, na safari hii itakuwa halali yao.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Nitawaambia sikushinda kwa mtindo wako, nilishinda dhidi yake. Nitawaonyesha kete moja moja nilivyogawa, na kile kipande cha reli nitakitupa mwenyewe. Watasema namtukana marehemu. Chagulani atalia, ana machozi ya karibu. Walie. Jina lako litabaki kwenye benchi, na ubao utakaa pale, lakini atakayekaa mbele yake atacheza mpaka mwisho.

Kwaheri, Maduhu. Lala vizuri, ndugu yangu. Shemeji nitaendelea kumpitia, na dagaa zake nitazisifu hata zikiwa na mchanga. Nitawaambia watu kwamba ulikuwa unafungika. Kwamba ilichukua hatua nne tu, hilo nakuahidi sitamhesabia mtu.

Wako,
Deo