Manchot Empereur

Kazi moja (jumatatu), 2/3/2009
Chai. Dawa ya pression. Nimefunga viatu na mukono moja, mbio kupita bale ba mikono mbili. Mashini ilibeba ule wa kushoto, ku mine ya shaba, kule Kolwezi. Tangu ile siku Bazungu baliniita manchot, donc muntu wa mukono moja. Hata huku Bulaya, hapa Ixelles, kwa kinyozi, niko Papa Manchot. Sikatai.
Leo mujukuu wangu Grâce amesema exposé yake, maneno atasema mbele ya darasa ku masomo, ni juu ya manchot empereur. Empereur! Mufalme ya bafalme. Mutoto iko na akili. Sikumuuliza kintu. Mukubwa haombi sifa.

Kazi mbili
Kukaa, nashindwa. Nazunguka salon ya nyumba tu. Nimeambia pasta, nimeambia maman mwenye kuuzisha majani ya pondu. Kinyozi amecheka: «Papa, empereur ya nani?» Ya wewe, mupumbafu. Nyoa.

Kazi tatu
Binti yangu Béa, mama ya Grâce, hataki niende. Eti bankambo, ba babu, habaendi ku exposé. Yeye nilimulea mi peke yangu, mama yake akiwa Zambia kutafuta unga. Nilimubeba na huu huu mukono. Leo ananifundisha? Nitaenda. Costume nimeipiga pasi mara tatu.

Kazi ine
Nimekaa mbele. Grâce akabandika picha ku ukuta.
Ndege.
Ndege munene, mweusi na mweupe, sawa muntu mwenye kuvaa costume. Kumbe na ndege banaiita manchot! Batoto bakaangalia mukono ya koti yangu yenye haina kintu ndani. Mumoja akacheka. Nikatoka, Grâce hajamaliza. Nilisikia haya. Haya sana.

Kazi tano
Sikukula. Grâce amepiga mulango. «Nkambo, haukusikia mwisho!» Sikufungua.

Siku ya posho (jumamosi)
Amepitisha karatasi chini ya mulango. Nimesoma na kidole, herufi moja moja, asubui yote.
Huyu ndege iko Antarctique tu, kule chini ya dunia. Mama anazaa yai moja, anamuachia baba, anaenda ku bahari kutafuta chakula. Baba anaweka yai juu ya miguu yake. Miezi mbili, ndani ya baridi, hakuli. Yai ikianguka ku glace, ku ile barafu, imekufa. Mama akirudia, anamujua baba ku sauti.
Chini, na kalamu nyekundu: «Na mi niko na wangu. Alilea mama yangu.»

Siku ya yenga
Kanisa. Baridi. Grâce amekaa upande ya kushoto, fasi mukono haiko. Ameweka miguu yake juu ya viatu vyangu.
Sikutikisika.