Joyness Ainembabazi na Mji Uliomsomea Mama

Mwaka mmoja umetimia, Joyness, tangu ulipotutoka ukiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kuugua siku tano tu.

Ulikuwa fundi cherehani pale Nkwenda. Sare za wanafunzi ulizishona kwa upindo mpana wa kushushwa mtoto anaporefuka. Ulikuwa ukicheka kabla ya kumaliza kichekesho chako mwenyewe, nasi tukabaki bila kukielewa.

Mama Benadeta alipopoteza macho, ulirudi nyumbani Kibingo kila alasiri kumsomea. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, ulichokipata kwenye mitumba: hadithi ya kimji cha mbali ambako mchungaji hufuga bata kanisani, posta hufunguliwa mhudumu akijisikia, na mwokaji mikate amekutwa amekufa ndani ya pipa la unga. Ulimsomea kwa Kinyambo chetu moja kwa moja, na majina magumu ukayabadili. Mjane mpelelezi ukamwita Prudensia. Mhudumu wa posta, Anatory. Fundi wa saa, Bigirimana.

"Ni huyo Bigirimana," Mama alisema kila siku, kisu kikiwa juu ya ndizi. "Mtu gani anatengeneza saa za watu, halafu hajui saa nne alikuwa wapi?"

"Mama, utamfunga mtu wa watu!"

"Afungwe. Endelea."

Uliishia pale Prudensia alipowakusanya wote ukumbini. "Basi, kesho," ulisema. "Nikikwambia leo, kesho nani atanipikia?" Kesho yake homa ikakulaza.

Tulipoanua matanga, Mama alitaka jambo moja tu: kumjua muuaji. Kaka yako Jovitus, ambaye ni mwalimu, akakichukua kitabu na kuchora jedwali: watu wa kitabuni upande mmoja, watu wako, kama Mama alivyowakumbuka, upande wa pili. Wa kitabuni walikuwa kumi na mmoja. Wako walikuwa kumi na wanne. Watatu uliwatunga mwenyewe, na Bigirimana ni mmoja wao. Katika mji ule hakuna fundi wa saa.

Hata hivyo, Jovitus alimsomea Mama sura ya mwisho kwa Kinyambo, polepole, kama ilivyoandikwa.

"Huyo waliyemkamata simjui," Mama alisema. "Na Bigirimana je?"

"Mama, hayumo."

"Joyness alimjua. Wewe ndiye humjui."

Tumetafuta daftari, karatasi, hata ndani ya droo ya cherehani. Hukuandika chochote. Mwisho aliokuwa akiungoja Mama ulikuwa kichwani mwako, na umekwenda nao. Tumesali, na faraja haijaja. Hatutakudanganya kwamba imekuja. Tangu Pasaka Mama hamtaji tena muuaji. Akifunguliwa kitabu chochote, hugeukia ukutani.

Unakumbukwa na mama yako Benadeta, kaka yako Jovitus, wifi yako Placidia, mdogo wako Eliud, wapwa zako wote, na mafundi wenzako wa Nkwenda.

Hatutakusahau, Joyness, kwa siku zote tulizobakiziwa.