Babu Yusuf Hakuwa Mwarabu

Jumapili. Baridi ya Joburg imeniingia mpaka kwenye mifupa. Jua liliwaka mchana lakini halikuwa na kazi. Nimejifunika blanketi hapa Fordsburg, nataka kuandika na sijui nianzie wapi. Kichwa changu kimevurugika.

Wanaonisoma wanajua kwamba Mama, aliyeko Tanga, amekataa niolewe na Dieudonné. Dieudonné ni fundi cherehani kule Doornfontein, Mkongo wa Lubumbashi, na yuko tayari kusilimu. Mama anasema dini ya mtu anayesilimu kwa ajili ya mke haina mizizi. Baba alishafariki. Kaka yangu ndiye walii wangu, na kaka hafungui mdomo kabla ya Mama. Tena sisi ni watu wenye asili, Mama hapendi tusahau. Baba wa babu yake, Yusuf bin Abdallah, alikuwa Mwarabu wa Yemen.

Basi kwa ubishi wangu nikaanza kumtafuta huyo Yusuf. Si kwa kupenda historia, nisidanganye. Nilitaka kuiona hiyo asili inayoninyima mume. Nikatema mate kwenye kichupa, nikayatuma yakapimwe vinasaba, na huku nikawa nahangaika mtandaoni kumsaka Abdallah wa Yemen.

Yemen hakuna kitu.

Majibu ya mate yalinipa ndugu Uskoti! Bibi mmoja mcheshi, Morag, rika la Mama. Juzi tukaongea kwa video. Baba wa babu yake aliitwa Joseph, fundi wa injini za meli karne ya kumi na tisa. Alifanya kazi Zanzibar na Tanga, kisha akarudi kwao, akaoa, akazaa. Habari za Afrika hakupenda kuziongelea.

Nilishika kichwa. Joseph ndiye Yusuf. Na Abdallah je? Kwetu mtu akisilimu, na baba yake si Mwislamu, huitwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu. Nimeshuhudia watu wangapi wakisilimu hapa msikitini, nikala biriani na kwenda zangu. Halafu mimi huyohuyo nikakaa miezi namtafuta Abdallah kama vile ana kaburi. Eish.

Lakini nilifurahi, jamani. Nilicheza peke yangu jikoni. Kumbe hiyo asili yetu imeanza na mzungu aliyesilimu ili aoe! Mama atasema nini tena?

Leo mchana nikampigia. Nikamwaga yote bila kupumua.

"Najua," akasema Mama.

Nikadhani hajanielewa, nikaanza upya. Akanikatiza. "Babu aliniambia mwenyewe. Alizaliwa baba yake keshapanda meli. Yule mzungu alisilimu, akaoa, kisha akaaga kwamba anakwenda kuwaona wazazi wake. Mkewe alimngoja mpaka akazikwa. Watu waliokuja nyuma wakaona aibu, wakasema alikuwa Mwarabu. Wewe mwanangu unadhani nakataa kwa kiburi?"



Morag naye aliniambia hivyohivyo, kwamba Joseph alirudi kwao akaoa, nami nikacheza jikoni. Sikumsikia. Nilisikia tu kwamba nimemshinda Mama.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Mama, aliyenificha? Mskoti aliyelala kaburini kwao? Na aibu pia ninayo, maana miezi yote hii namsaka Yusuf, na mkewe sikuwahi hata kuuliza aliitwa nani. Tena Mama bado hajasema ndiyo, wala sidhani nina haki ya kumlazimisha.

Jioni Dieudonné alipita kuniaga. Kesho asubuhi anapanda basi Park Station kwenda Lubumbashi, kuwaambia wazazi wake kwamba anasilimu. Aliniona nimenuna, akacheka.

"Minaenda kuambia baba na mama, kisha minarudia. Usiogope, chérie."

Wiki iliyopita ningemtania, ningemwagiza vitenge. Leo nimesimama dirishani nikamtazama mpaka akavuka robot, yaani taa za barabarani, akapotea kwenye watu. Sikumwambia alichosema Mama. Ningeanzaje?

Namwamini. Wallahi namwamini.

Na yule bibi aliyemngoja Yusuf, je, hakumwamini wake?