Kete za Maharage

Busunzu, Jumamosi, 1975

Bado nacheka, ingawa sijui kesho nitauweka wapi uso wangu.

Leo mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitupatia chemsha bongo ya michezo, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Akauliza bao huchezwa kwa kete ngapi. Mimi, bingwa wa kijiji kizima, nikaruka: "Thelathini na mbili!" Hayo ni mashimo, jamani.

Mke wangu, ambaye sisi wanaume hatujawahi kumkaribisha mchezoni, akasema polepole, "Sitini na nne. Kila jioni huyu mume wangu, Baba Yohana, huchota maharage yangu ya mbegu sitini na nne akachezee bao. Yanayorudi ni sitini."

Darasa zima likaangua kicheko.

Tulipofika nyumbani nikamwomba tucheze. Amekubali, ila kete nikatafute zangu.