Mbegu za Mama Kwenye Mifuko ya Kitambaa

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya Guangzhou isiyo na haraka, na kuta za chumba changu zinatoa jasho. Nilifua blauzi mbili juzi na bado ni mbichi. Sikwenda kanisani. Sikwenda popote.

Shajara, leo nina mambo mawili ya kukiri. Naanza na lile jepesi.

Kwa miezi miwili nimekuwa nikilima bangi juu ya paa la nyumba ninayopanga.

Sikujua. Ndiyo, kila anayekamatwa husema hivyo. Lakini ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikija kujisoma mwakani nitadhani nilikuwa nimechanganyikiwa.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani Kahama, mama alinifungia mbegu za mgagani kwenye kipande cha kanga. Alikuwa amezikausha mwenyewe. Alisema huko Uchina mnakula majani yasiyo na ladha, panda hizi, hata kwenye ndoo iliyotoboka zinaota. Nikasafiri nazo, nikafika nazo, nikazitia kwenye droo ya soksi. Zikakaa humo miaka miwili.

Kila alipopiga simu aliuliza, "Umezipanda?" Mara ya kwanza nilisema nitazipanda. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikaona aibu, nikasema nimepanda, mama, zimeota vizuri. Kazi yangu hapa ni kupokea mizigo ya wateja, kuipima na kuisindikiza mpaka bandarini Nansha, kwa hiyo nilijiambia kwamba sina muda. Muda ulikuwepo. Nilikuwa naangalia tamthilia.

Baada ya hapo uongo ukawa unajilea wenyewe. Mama aliuliza kama mgagani umeanza kutoa maua, nikasema umeanza. Akanifundisha niuchume ncha ili utoe matawi, nikasema nimeshachuma. Akauliza ladha yake kwa maji ya huko ikoje. Nikamwambia ni ile ile ya nyumbani, na nilimsikia anafurahi.

Alifariki mwezi wa kwanza. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji ikisubiri kibali kipya cha kuishi, na nilipoipata walikuwa wameshamzika. Maziko niliyatazama kwenye simu, picha ikikatakata, nikiwa nimekaa juu ya furushi la jinzi la mteja.

Mwezi wa tatu nikafungua droo.

Mwenye nyumba wangu hataki vyungu vya udongo juu ya paa, anasema vinaelemea zege. Nikaagiza mtandaoni mifuko mitatu ya kupandia, ile ya kitambaa kizito yenye mishikio miwili, ambayo maji yakizidi yanajichuja yenyewe pembeni. Nikanunua na gunia la udongo wa bustani, nikalipandisha ngazi za ghorofa saba mgongoni kama mbeba mizigo wa masoko ya Guangyuan Xilu. Udongo wenyewe ulikuwa mzito, ukimwagiliwa unagandamana kama ugali uliolala. Ikabidi niuchanganye na maganda ya mpunga. Halafu nikamwaga mbegu zote, sikubakiza hata moja kwenye ile kanga. Ni ujinga, najua. Mama angenigombeza.

Lakini mimi sikuwa nalima mboga. Nilitaka uongo wangu uwe kweli, hata kama niliyemdanganya hayupo tena.

Ukaota mche mmoja.

Mifuko mitatu, mbegu zote zile, na mche mmoja tu. Nilipouona nilipiga magoti pale kwenye zege. Nilimtumia baba picha wakati majani ni madogo kama ukucha, na baba akatangaza jumuiyani kwamba mgagani wa marehemu umeota Uchina. Wakauombea. Wazee kumi na kitu wa Kahama, na kitabu cha sala, waliuombea mche ule.

Ulikua haraka. Mwezi wa nne ulifika gotini, mwezi wa tano kiunoni. Jua likizidi nilishika mishikio ya mfuko na kuuburuta kwenye kivuli cha tangi la maji. Na kuna jambo sijamwambia mtu: nilikuwa nauamkia. Nikipanda paani asubuhi na jagi langu, kabla ya kumwagilia, nasema shikamoo, mama. Kisha namweleza habari za mizigo, nani amechelewa kulipia, nani amenijibu vibaya. Nilihisi amenisamehe. Sijui nilisemeje zaidi ya hapo.

Mwingine aliyeupenda ni mzee wa ghorofa ya sita, mwenyeji wa hapa hapa, mstaafu. Ana ndege wawili kwenye vizimba, na kila asubuhi anavitundika kwenye waya wa kuanikia nguo, juu kabisa ya mifuko yangu, ili ndege wake waone watu. Nilipokwenda Nansha siku mbili aliumwagilia mche bila kuombwa. Hatuelewani sana, Kichina changu ni cha sokoni, ila kila tukikutana hapo juu alikuwa anauonyesha mche kwa kidole na kuinua dole gumba.

Jana nilimwalika Maman Clarisse. Ni mteja wangu kutoka Lubumbashi, ananunua nguo za watoto, na kwa miaka hii amekuwa dada. Nilitaka tuchume majani ya kwanza pamoja, nipike na karanga kama alivyopika mama. Nilibeba na bakuli.

Alifika juu anahema, akasimama mbele ya mche, akauzunguka mara mbili.

"Dada, hii ni nini umepanda?"

Nikamwambia ni mgagani, ule wa mama.

"Hii haiko mboga, ma sœur. Hii iko bangi."

Nilicheka. Akakata jani, akalisugua viganjani, akaniwekea puani. "Angalia meno yake. Mgagani yenu iko na meno kama ya msumeno?"

Hauna. Jani la mgagani lina vidole vitano hivyo hivyo, lakini halina meno makali kama yale. Mimi nimesoma shule za bweni, mgagani naujua zaidi ukiwa sufuriani kuliko ukiwa shambani, lakini hilo nalijua. Na niseme ukweli wote: meno yale niliyaona wiki tatu nyuma. Nikajiambia labda ni hewa ya huku. Harufu ilipoanza nikajiambia labda ni mbolea. Mtu akitaka kupofuka hupofuka mchana kweupe na maji ya kumwagilia mkononi.

Clarisse akaangalia juu kwenye waya, akainama, akaokota kitu chini ya kizimba. Mbegu ya mviringo, ya kijivu, yenye mabaka. Akageuka kunionyesha nyingine, na nyingine, zimetapakaa kwenye zege mpaka kwenye mifuko yangu. Ni chakula cha ndege. Ndege wa mzee wanakula huku wanamwaga, na moja ikaangukia kwenye udongo wangu mzuri.

Za mama hazikuota. Hata moja.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Clarisse anasema, "Toa leo. Sasa hivi. Hapa si kwetu, hapa hawatasikiliza explication, hawataki maelezo." Alisema kweli. Polisi wa mtaa hupita kukagua usajili wa wageni, na wiki iliyopita walisimama mlangoni kwangu, ghorofa moja tu chini ya ule mche. Kibali kilichonikosesha maziko ya mama kingekwenda kwa sababu ya chakula cha ndege. Na mzee wa watu angeulizwa maswali kwa ajili yangu.

Clarisse alishika mfuko, mimi nikavuta. Mizizi ilikuwa imeng'ang'ania kitambaa pande zote. Nililia kama mtoto, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijua ni bangi na bado nililia, maana kwa miezi miwili nilikuwa nikiuita mama.

Tuliukatakata jikoni, tukauchanganya na matumbo ya samaki kwenye mfuko wa taka za chakula. Sasa pale chini kwenye mapipa kuna mama mmoja mwenye kizibao cha kijani ambaye hufungua mifuko ya watu kuhakiki kama wametenganisha taka. Mwaka jana alinirudisha ghorofani kwa sababu ya betri moja. Jana akafungua mfuko wangu, harufu ya samaki ikampiga usoni, akaufunga na kunifukuza kwa mkono. Clarisse alingoja tufike kwenye ngazi ndipo akacheka mpaka akakaa chini.

Leo asubuhi nilikutana na mzee kwenye ngazi. Alinionyesha kwa mkono urefu wa mche, akaniuliza kwa nyusi. Nikasema kwa Kichina, "Si le," umekufa. Akasikitika kweli kweli, akanigusa bega, "Mei guanxi, mei guanxi," hamna neno, hamna neno. Nimeamua kuihamishia mifuko upande wa pili wa paa na kufagia chini ya vizimba vyake kila asubuhi. Ila nilipoingia chumbani nilijisikia mchafu. Mzee wa watu amenipa pole, na mimi nimemlipa kwa uongo mwingine mdogo, ulionitoka bila hata kufikiri. Uongo umekuwa ulimi wangu.

Ndiyo maana nikampigia baba alipotoka kanisani.

Baba si mtu wa simu. Aliyekuwa anaongea ni mama, yeye alikuwa anapewa simu mwishoni aseme Mungu akubariki. Siku hizi inabidi aongee mwenyewe na anajitahidi. Nikamwamkia, akaitikia, na swali lake la kwanza likawa, "Mgagani unaendeleaje?"

Nikamwambia haukuwa mgagani. Nikamwambia ulikuwa nini.

Halafu nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu mwezi wa kwanza. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaweka simu pembeni, akarudi. "Bangi? Na Katekista ameuombea wiki mbili mfululizo." Nikacheka na mimi, nikilia humo humo.

Ningeweza kuishia hapo. Baba amecheka, Jumapili imekwisha vizuri. Lakini nikaendelea, nikamwambia lile la pili, ambalo ndilo gumu. Kwamba mbegu zilikaa kwenye droo miaka miwili. Kwamba kila nilichomwambia mama juu ya mgagani, maua, ncha, ladha, vyote nilivitunga. Kwamba alikufa akiamini binti yake anakula mboga yake, na hakukuwa na kitu.

Nilisikia kuku wa kwetu, nikasikia mtu anapita anamsalimia baba na baba haitikii.

"Na mimi nilimwambia atapona," akasema.

Daktari alimweleza yeye peke yake, mwezi wa kumi na moja. Akarudi wodini akavuta kiti, akamwambia mama kwamba daktari amesema ni suala la muda, atapona, Pasaka atakuwa shambani. Kila siku alimwambia hivyo, mpaka siku ya mwisho. Hajamwambia mtu, si kaka zangu, si padri. Ameniambia mimi leo, kwenye simu, kwa sauti ya chini.

Hatukusameheana, sijui kama tulikuwa na uwezo huo. Tulikaa tu kila mmoja na simu sikioni, yeye kwenye jua la mchana na mimi kwenye mvua hii, dakika nyingi ambazo baba hajawahi kukaa kwenye simu.

Mwisho akakohoa kidogo, akauliza alilokuwa anauliza mama kila mara kabla ya kuaga.

"Umekula, mwanangu?"

"Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza.

"Hapana, baba. Tangu jana sijala."

"Basi weka maji jikoni," akasema. "Sikati simu."