Kompyuta Isiyotaka Kuamka

Jumatatu, 7 Juni 2004

Imenikalisha tena. Nimewasha, nimeandika neno la siri, nimechemsha maji, nimekunywa chai yote. Skrini bado ile ile ya bluu. Nje gari la wageni linaunguruma, na waongozaji wananigongea dirisha wanataka karatasi za safari waende geti la mlimani. Karatasi zimo humo humo ndani. Mimi nifanyeje, niichape viboko?

Bosi, Bwana Massawe, amepita akaangalia saa ya ukutani. Hajasema kitu. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu.

Jumanne, 8 Juni

Leo amesema. "Mama Gloria, siku hizi unaanza kazi saa ngapi?" Mbele ya wageni. Nami nilifika mlinzi wa usiku hajaondoka.

Anadhani msiba umenilegeza. Kweli, shida ilianza tuliporudi kutoka kijijini Uru kumzika Mzee Elinami. Yeye ndiye alikuwa akitupangia wapagazi, na meza yake imepakana na yangu, pale dirishani. Sasa iko tupu. Kompyuta yake tuliizima wenyewe, tukaifunika kitenge, tukaifungia stoo. Ni mali ya ofisi, lakini nani wa kuikalia kabla ukoo haujakaa kugawa vitu vyake? Hata Bosi hakubisha. Kazi ya wapagazi tunaipanga kwa mkono.

Nimechoka. Lakini aliyelegea ni mashine, si mimi.

Alhamisi, 10 Juni

Fundi Ombeni kaja kutoka Njoro. Kaibeba, kaenda nayo kwake. Jioni nimepita: virusi kaondoa, memori kaongeza. Akaiwasha mbele yangu ikafunguka palepale. Nimerudi nyumbani nimefurahi kama mtoto siku ya Krismasi. Nimepika mtori, Gloria akauliza kuna mgeni gani.

Ijumaa, 11 Juni

Imerudi mezani kwangu. Yale yale.

Njoro inaruka, hapa inatambaa. Ombeni anasema umeme wa jengo letu mbovu. Kesho atasema ni ukungu wa mlimani. Kuna mama wa mapokezi anasema tuite mchungaji aiombee. Sijui kama alikuwa anatania.

Kundi la leo limefika getini limechelewa, mwongozaji katukanwa na wageni, naye kamaliza hasira kwangu kwa simu. Baadaye Bosi kaniita. Ana mpwa wake kamaliza chuo Arusha, anajua kompyuta. Sentensi hakuimalizia. Nimeelewa. Gloria yuko kidato cha pili na mimi ndiye baba na mama.

Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuchapa.

Jumamosi, 12 Juni

Nusu siku. Sikuiwasha mpaka nilipolazimika. Naiogopa, sasa.

Jumatatu, 14 Juni

Lazima niandike vizuri hii.

Asubuhi Anna wa usafi alikuwa anapiga deki, tambara likanasa ule waya wa mtandao nyuma ya meza, ukachomoka. Hatukuuona. Nikawasha. Neno la siri, na hapo hapo niko ndani. Sikuamini. Baadaye barua pepe zikagoma, nikaona waya uko chini. Nikaurudisha, nikazima, nikawasha: chai yote. Nikauchomoa tena: palepale. Nimerudia mpaka Anna akauliza kama niko sawa.

Basi si virusi, si umeme. Kuna kitu inakitafuta huko kwenye mtandao.

Kila siku ikishafunguka kuna kisanduku kinatokea na maneno ya Kiingereza. Nakifunga bila kusoma, maana nakuwa nimeshachelewa. Leo nimekisoma. Kinasema haikuipata folda iliyoko kwenye kompyuta inayoitwa ELINAMI.

Nimekaa chini. Mzee mwenyewe ndiye aliyeziunganisha hizi mbili, ili kila asubuhi yangu ichukue majina ya wapagazi kwake bila mimi kusumbuka. Sasa kila asubuhi inaenda kubisha hodi kwake. Inangoja weee, ikikata tamaa ndiyo inanifungulia mimi. Sisi tumemfungia stoo kwa heshima, na hakuna aliyeiambia mashine.

Kuuondoa ule muunganisho ni kubonyeza tu. Nimebonyeza. Ikauliza kama nina uhakika. Nikajibu hapana.

Mjinga mimi. Kibarua kinaota nyasi, nami naionea haya kompyuta.

Jumanne, 15 Juni

Mpwa anakuja Alhamisi. Bosi katangaza.

Nimeomba ruhusa ya mchana, nikapanda Uru. Kisingizio ni kumjulia hali mjane, Mama Ndeshi. Nimemkuta bandani anakamua, amevaa koti la mzee, lile la kijivu la ofisini. Nikashtuka kidogo. Nikampa shikamoo, nikampa pole tena, nikasimama kama niliyesahau nilichofuata. Mwisho nikamweleza. Nilijisikia mpumbavu, kumweleza mama aliyefiwa habari za mitandao.

Hakucheka. Akasema ng'ombe naye aligoma kabisa baada ya msiba. Kila alfajiri anageuza shingo mlangoni, anangoja, maziwa hayashuki. Ndipo mama akavaa koti, ng'ombe anuse harufu ya mzee.

"Mashine yako haina pua, mwanangu. Kaondoe tu. Ukoo ukikaa nitawaambia nilikuruhusu."

Kanipa maziwa kwenye chupa na ndizi za kihamba chao, lile shamba la ukoo. Kaburi liko pale pale migombani, maua yamekauka. Nilisimama kidogo.

Jumatano, 16 Juni

Nimeondoa. Ikauliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo.

Nimezima, nimewasha. Imefunguka kabla sijavua koti. Karatasi zimetoka, gari limeondoka na waongozaji. Bosi kapita, kaangalia saa, kaangalia skrini. Kauliza nani katengeneza. Nikasema mimi. Akasema, "Haya." Mchana akaleta mkataba, wa mwaka mzima. Mpwa kaambiwa asije.

Nilidhani nitafurahi zaidi.

Nimechemsha maji kwa mazoea. Zamani ile chai tulikuwa tunainywa wawili, mzee akinisimulia habari za wapagazi wake. Tangu afe nimekuwa nikiinywa peke yangu huku nangoja, naangalia meza yake. Kungoja huko nilikuwa nakuita kucheleweshwa. Leo chai imeiva nikiwa tayari kazini, nikainywa huku nachapa.