Kadi Ilipofika Cheyo

Cheyo, Tabora
22 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Nurdini,

Shikamoo. Najua Maskati inaunguza miezi hii. Maji unakunywa lakini? Na kile kifua kimepona? Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Mama ana magoti yake tu, nami baridi ya asubuhi inanifanya nikae kitandani naota macho wazi.

Kadi imefika. Ee kaka, makubwa! Watu wa basi waliponipigia simu nikapaza sauti uani, "Mama, kadi ya Nurdini imefika!" Mama akasikia kadi ya harusi. Nilivyorudi na boksi nikakuta vigelegele hadi kwa jirani, na shangazi Anifa ameshachagua rangi ya sare. Nikawatolea dude la kompyuta lenye feni mbili, la kuchorea picha za gemu. Mama akaligeuza, akauliza bibi harusi yuko wapi. Nilicheka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Umeniomba ukweli: inatosha, au usaini mkataba wa mwaka mwingine huko ili utununulie kubwa zaidi? Nimeitesa wiki nzima. Gemu letu la malori linakwenda fremu sitini za picha kwa sekunde, mipangilio ya juu, bila kukwama. Nikipandisha ya juu kabisa na mvua ikanyesha msituni, inashuka arobaini na kitu, feni zinavuma. Haichemki. Pawa saplai yetu ya zamani inaimudu kwa umeme, wakati ile kubwa ingedai nyingine, na faida yenyewe ni vivuli vya majani tu. Kwa bei yake, hii ni kadi hasa.

Halafu msitu wenyewe, kaka! Mwanga ukipenya kwenye miti naiona njia ya Urambo, ile waliyokanyaga wapagazi wa zamani wakienda Ujiji. Huwa nasimamisha lori pembeni nisikilize upepo, nasahau kama nipo chumbani. Ndiyo maana unaniacha nyuma, usijidai unajua kuendesha!

Ijumaa tulipokuwa tunacheza kwa mtandao, wewe huko mimi huku, Mama alivuta kigoda akakaa nami. Akauliza gari la Nurdini ni lipi. Nikamwonyesha lile jekundu. Akalifuata kwa macho mpaka likapotelea mitini, kisha akasema, "Mwambie apunguze mwendo."

Usisaini, kaka. Miaka sita huko imetosha, nami nimechoka kuwa na kaka ambaye ni lori. Kadi kubwa itamwonyesha Mama gari lako vizuri zaidi, mpaka vumbi la matairi. Wewe hatakuona.

Shangazi Anifa na mjomba Rashidi wanakusalimu sana, na Mfaume fundi baiskeli hachoki kukuulizia. Mwenyezi Mungu akulinde, akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Maua